Habari za Ua la Madole Gumba, na Jinsi Laini ya Subukia Ilivyopata Blanketi

Nyamazeni, enyi mnaotafuna mahindi ya kuchoma. Tueni mizigo, enyi mnaopita. Na wewe mama, teremsha sufuria, kwa maana viazi vitasubiri lakini vita havisubiri. Zinaletwa mbele yenu habari za Micah Kiprugut, mkamuaji asiyemwaga, mtiisha mitamba, bwana wa ndoo ya alfajiri na ndoo ya jioni, ambaye katika mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na mmoja, Krismasi ikikaribia na ukungu umelala juu ya bonde la Subukia kama mgonjwa asiyetaka kuamka, aliinuka akatengeneza kadi.

Kadi moja. Msicheke bado.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Akina mama wa kanisa huko Nakuru walitangaza mnada wa kadi za Krismasi zilizotengenezwa kwa mikono, na fedha zake zingenunua mablanketi ya watoto wachanga wa mashambani. Sheria yao ilikuwa nyepesi kusema na nzito kubeba: kila laini, yaani safu ya nyumba za wafanyakazi wa shamba, ilete kadi yake, na laini isiyoleta kadi isiulize blanketi. Tangazo hilo liliposomwa kanisani, wanaume wa laini walitazama viatu vyao, na wasio na viatu wakatazama vidole. Lakini kwenye benchi la nyuma aliketi Jepkosgei, binti Micah, tumbo likiwa limemtangulia kama ngoma ya mbiu, na Micah aliijua baridi ya Subukia, ile inayoingia nyumbani bila kubisha hodi na kulala na mtoto kabla mama hajalala naye. Akasimama.

"Kadi hiyo nitaifanya mimi," akasema, akaketi.

Hotuba fupi namna hiyo haijawahi kuzaa taabu ndefu namna ile.

Walipofika nyumbani, mkewe Cherono akavua kitambaa cha kichwa na kumtazama. "Baba Jepkosgei, wewe hata jina lako unaliandika kama mtu anayefukuza kuku. Kadi utaitengeneza na nini?"

"Na moyo."

"Moyo haushiki gundi."

Hata hivyo silaha zilikusanywa. Namalwa, yaya wa nyumba kubwa ya mwenye shamba, alileta kifuniko cha boksi la shati, cheupe kwa ndani kama maziwa ya kwanza. Cherono akakoroga unga wa ngano wa Mau Narok kwa maji moto ukawa gundi nzito, gundi ambayo ingeweza kushika ndoa zilizolegea. Na kwa rangi wakapata kidonge cha bluu ya kufulia, bluu ile ile iliyoyafanya mashati ya mwenye shamba, aliyeitwa Bwana Kofia na watu wote isipokuwa mkewe, yawe meupe kuliko dhamiri yake.

Basi Micah akashika kalamu ya risasi. Yeye aliyewahi kumshika fahali kwa pua, fahali akaomba radhi, sasa alitokwa na jasho mbele ya karatasi isiyo na pembe wala kwato. Akachora ng'ombe, maana ng'ombe aliwajua.

Cherono akainamisha kichwa upande huu na upande ule. "Meza nzuri."

"Ni ng'ombe."

"Basi tuweke chakula juu yake."

Akakata kipande kingine, akachora malaika. Namalwa alipokiona akauliza kama ni jembe la zamani au la siku hizi. Hivyo ndivyo kifuniko cha shati kilivyopungua, kikabaki kipande kimoja cha kukunja mara mbili, na Bwana Kofia hakuonekana kuwa na haja ya shati jingine.

Lakini ushindi huja kwa mlango ambao haukulindwa. Cherono alikuwa akiponda bluu katika kijiko cha maji. Dole gumba lake likaloa, naye akalipangusa kwenye karatasi kuukuu ya sukari. Likaacha alama ndefu ya mviringo, yenye mistari myembamba iliyopinda pamoja kama mifereji ya shamba lililolimwa na mtu mwangalifu. Micah akaitazama kama aliyeona maji jangwani.

"Weka tena. Hapa kando."

Akaweka.

"Hilo ni petali," akasema Micah. "Mama Jepkosgei, wewe ni ua."

"Umeanza kusema maneno hayo ukiwa mzee," akajibu Cherono, lakini alitabasamu mpaka gundi ikaungua kidogo.

Micah akachovya dole lake mwenyewe, akabandika. Likatoka doa. Si mistari, si petali; doa tu, kama tope lililokanyagwa. Kumbukeni kwamba mkono huo ulikuwa umekamua kwa dole lililokunjwa tangu ujana wake, na ngozi ya dole ilikuwa imegeuka ukwato. Mistari aliyozaliwa nayo ilikuwa imekwenda Nakuru zamani ndani ya makopo ya maziwa. Akaona aibu. Akalifuta doa, na kuanzia saa hiyo dole lake likakaa mfukoni kama askari mtoro. Akaazimia kwamba ua litakuwa la madole ya watu wengine. Cherono akatia petali ya kwanza kwenye kadi yenyewe, Namalwa akatia ya pili, na Micah akatoka kwenda kuiteka laini.

Huko alikutana na ukuta.

Ili mwelewe ukuta huo, jueni kwamba miaka michache nyuma Bwana Kofia aliwaita watu wa laini mmoja mmoja mbele ya meza, akawaonyesha karatasi ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, nao wakatia madole kwa adabu, wakashukuru na kwenda zao. Karatasi ilipokuja kusomwa kwa sauti, ilikuwa imekwisha kula ng'ombe na mbuzi wao, ikawaachia wachache wa kuwasikitikia. Tangu siku hiyo dole gumba katika laini ile lilikuwa kama jino: halitoki bila mapambano.

Na jemadari wa ukuta alikuwa Mzee Nderitu, mkata matawi ya kahawa, aliyeketi juu ya debe mlangoni pake akiwa na kisu chake cha kazi magotini.

"Micah, karatasi hiyo inasema nini?"

"Haisemi kitu, mzee. Ni ua."

"Ile nyingine pia haikusema kitu. Ilikaa kimya mezani kama bibi arusi. Ilipofungua mdomo, ilimeza mbuzi wangu na pembe zao."

Micah akapanda juu ya jiwe la kufulia, akainua kadi, akapaza sauti ambayo kwa kawaida huwaita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. "Enyi watu wa laini, mlioshinda nzige, mlioshinda ukame, mlioshinda nyapara wa kwanza na wa pili! Je, mtashindwa na kipande cha boksi? Jirani zetu wa Kabazi wamekwisha kumaliza kadi yao. Watoto wao watalala kwenye sufu, wetu watalala kwenye methali! Kumbukeni walivyosema wazee: kidole kimoja hakivunji chawa!"

Obura, dereva wa trekta, alikuwa ameegemea ukuta akila muwa. Akatema makapi. "Chawa mwenyewe yuko wapi, ndugu yangu? Sisi tunaona karatasi tu. Leo ua, kesho tunasomewa kwamba tumekubali kulima Jumapili."

Watu wakacheka, na kicheko kikampiga Micah kuliko mvua ya mawe. Akashuka kwenye jiwe. Akarudi nyumbani na petali zake mbili, na kwa haki lazima isemwe kwamba ua la petali mbili linafanana sana na masikio ya sungura.

Akamkuta Jepkosgei nyuma ya nyumba, ameinama juu ya karai, anafua gunia la kahawa.

"La nini hilo?"

"La mtoto, baba." Hakuinua macho. "Nimelifua jana na leo. Likifuliwa sana linalainika."

Micah akalishika gunia. Lilikwaruza hata ule ukwato wa dole lake.

"Limelainika," akasema, na huo ndio uongo pekee unaopatikana katika historia yake yote. Kisha akachukua kadi, kijiko na bluu, akatoka tena, maana lori la maziwa lingeondoka kwenda Nakuru asubuhi iliyofuata, na siku ile ilikuwa ya posho, na watu wote wa laini walikuwa wamepanga foleni ghalani wakisubiri unga wao.

Akapindua kopo la maziwa, likawa meza. Juu yake akaiweka kadi. Hakupanda juu ya kitu chochote.

"Nimerudi," akasema. "Binti yangu anafua gunia."

Wanawake wakatazamana. Lakini Mzee Nderitu akatoka kwenye mstari, akaja mpaka mbele ya kopo, akasimama kama ngome iliyotembea.

"Micah mwana wa watu, nijibu neno moja. Mtu akiniambia mto huu una maji kidogo, ingia, mimi humtazama miguu kama imelowa. Hapa naona dole la mkeo. Naona dole la yaya. Lako liko wapi? Mkono huo unafanya nini mfukoni tangu ulipokuja mara ya kwanza?"

Ee mabonde, ee vilima vya Subukia, semeni ninyi mliokuwapo! Simba wa zizi, ambaye kwato na pembe hazikumtikisa, alitetemeka mbele ya dole lake mwenyewe. Alimtazama Cherono kwenye foleni. Cherono akatikisa kidevu: toa. Basi akalitoa mfukoni, akalichovya, akalibandika katikati.

Likatoka doa. Bluu, nene, pumbavu.

Obura akanyoosha shingo. "Hilo ni dole au ni mfuniko wa chupa?"

Nderitu akainama mpaka ndevu zikakaribia kugusa rangi. "Halina mistari."

"Ng'ombe wameila."

"Hata mahakamani halifai."

"Halifai popote, mzee. Ndiyo maana nililificha."

Nderitu akaliangalia doa, kisha akamwangalia mwenye doa. Halafu akainuka, akawageukia watu. "Nimeona wezi wengi. Wote walikuja na vitu vizuri: meza nzuri, wino mzuri, tabasamu. Mwizi hawezi kuja na kitu kibaya namna hii." Akakunja mkono wa koti lake. "Leta hiyo bluu. Lakini nina sharti. Nikishatia dole, karatasi hii ifungwe kwa gundi pande zote mbele ya macho yetu, ili asitokee mtu akaandika maneno ndani. Salamu za Krismasi ziandikwe huko nyuma, mbali na madole yetu."

"Mzee," akasema Namalwa, "kadi hufunguliwa."

"Ile ya Bwana Kofia pia ilifunguliwa."

Basi bluu ikaletwa. Dole la Nderitu likashuka kando ya doa, na likaacha petali nyembamba ya mtu aliyekata matawi maisha yake yote. Nyuma yake akaja Obura, akidai dole lake ndilo zuri kuliko yote, na nyuma ya Obura foleni nzima ya posho ikageuka ikawa foleni ya ua, mpaka mgawa unga akatoka ghalani kuuliza kama njaa imekwisha katika nchi hii. Naye pia akatia dole. Doa la Micah likazungukwa pande zote. Likawa moyo wa ua. Kisha kadi ikakunjwa, gundi ya ngano ikapakwa kingo zote, Obura akaikalia mpaka ikakauka, na Namalwa akaandika nyuma kwa herufi za kunyooka: Krismasi Njema.

Asubuhi Micah akapanda lori, kadi ikiwa kifuani chini ya koti, katikati ya makopo ya maziwa, kama mfalme kati ya walinzi wake.

Huko Nakuru meza ya mnada ilijaa kadi za Njoro na za Molo, na ile ya Kabazi yenye nyota ya karatasi ya sigara, nzuri kweli, hakuna haja ya kukana. Zote zilifunguka. Zilifunguliwa, zikasomwa, zikasifiwa, zikauzwa. Ilipofika ya Subukia, Anyango, mke wa fundi wa reli, akaipindua mara mbili.

"Mbona hii haifunguki?"

"Imefungwa, mama," akasema Micah.

"Ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Minong'ono ikapita ukumbini kama upepo katika ngano. Hakuna mtu, tangu dunia iumbwe, aliyefunga kwa gundi kitu kisicho na kitu. Anyango akataja bei. Mke wa mwenye duka akapandisha. Anyango akasimama. Mke wa mwenye duka akavua miwani. Mara nyingi Micah aliapa mbele yao kwamba ndani ni tupu, na kila alivyoapa ndivyo bei ilivyopanda, mpaka akaona ni afadhali kwa mablanketi aendelee kusema kweli. Anyango akashinda. Hakuifungua mbele ya watu. Akaitia kwenye mkoba, akaufunga, akasema jambo hilo ni la nyumbani kwake.

Mablanketi yalifika Subukia kwa lori lile lile. Mtoto wa Jepkosgei naye akafika, wa kike, mwenye sauti ya nyapara. Watu wakaja kumwona, wote madole yao bado ya bluu, kwa sababu bluu ile haikujali sabuni. Mzee Nderitu akaingia wa mwisho. Akaishika ncha ya blanketi kati ya vidole viwili, akaisugua, kama mtu anayepima mbuzi sokoni.

"Nimetia dole mara mbili katika maisha yangu," akasema. "Karatasi ya kwanza ilikula mbuzi na manyoya yao. Hii imerudisha kidogo."

Kisha, kwa kuwa yeye ni wa watu wanaoupa mwaka jina la jambo kubwa lililotokea ndani yake, akatangaza pale pale kwamba huu ni Mwaka wa Dole Bovu, na hakuna aliyepinga, hata Micah, aliyekuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili nje ya mifuko. Inasemekana mwaka huo yalitokea mambo mengine pia duniani. Hayakufika Subukia.