Haki Yangu Kuhusu Nyumba ya Shangazi Ursule

Jumatatu, 6 Mei

Miezi saba tangu tumzike Shangazi Ursule, na sijaambiwa neno! Nyumba yake ya hapa kijijini L'Esterre, nyumba niliyolelewa mimi, imetiwa kufuli na binamu yangu Alban. Marehemu alimteua kuwa msimamizi wa wosia, sijui alikuwa na homa gani siku hiyo. Mimi na mke wangu Merlene tumepanga vyumba viwili nyuma ya duka la ramu. Paa linavuja. Na paa la shangazi nililipaka rangi kwa mikono hii! Upande mmoja. Ule unaoonekana barabarani.

Leo nimemfuata Alban akiwa ananywesha mbuzi wake. Nikamwambia mimi si mtoto, nataka kujua nani kaachiwa nini. Akajibu bila hata kugeuka kwamba wanufaika wote wameshaarifiwa. Wote! Mimi sijaarifiwa, kwa hiyo yeye ni mwongo. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Evander, nenda ukalale." Mbele ya mbuzi.

Jumanne, 7 Mei

Mjini Hillsborough, kwa wakili Gittens. Binti mdogo, miwani mikubwa. Nimemweleza yote huku nikipiga meza yake. Akasema mnufaika ana haki ya kuambiwa ameachiwa nini. Na aliyeachiwa fungu katika mabaki ya mirathi ana haki ya kuonyeshwa hesabu: madeni yaliyolipwa, kilichouzwa, kilichobaki. Msimamizi akikaidi, mahakama itamnyoosha. Haki! Nusura nimbusu.

Kisha akauliza kama nina hakika kwamba mimi ni mnufaika. Swali gani hilo? Nani mwingine? Akasema basi, wosia ukishathibitishwa na mahakama mtu yeyote anaweza kwenda kuusoma kule kisiwa kikuu, Grenada, na huu umeshathibitishwa. Nipande boti, nitapike njia nzima, nikasome kitu ambacho Alban anacho kabatini? Hanijui.

Jioni nimemsomesha Merlene sheria yote. Akaendelea kuchambua mbaazi. Akasema labda Alban ana sababu zake. Huyu mwanamke hana uchungu kabisa!

Alhamisi, 9 Mei

Nimesimama getini kwa Alban na kumtishia mahakama kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Akaniambia nilete hata majaji watatu, atawapikia chai. Sheria haogopi, mshenzi yule.

Lakini anaogopa wafu. Tangu utotoni hapiti makaburini bila kuimba zaburi. Na hapa kisiwani Carriacou mzee aliyekufa akija ndotoni na agizo, hakuna wa kumpinga, si padri, si polisi. Basi Shangazi Ursule atakuja ndotoni. Kwangu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeota. (Sikuota. Nililala fofofo.)

Asubuhi dukani nimesimulia mbele ya watu: shangazi kavaa gauni la zambarau, mkono kiunoni, anasema Alban atoe makaratasi yote ayasome mbele ya ukoo. Nikatoa na chozi. Alban alikuwa ananunua sukari. Aliiweka chini, uso umemsawijika. Ushindi!

Kisha Bibi Euphrasie, anayeongoza nyimbo za Ngoma Kuu, ile ya kuwaita mababu, akauliza shangazi alikuwa amenona au amekonda. Nikasema amekonda, maana niliona inatia huruma zaidi. Kosa! Bibi akapiga makofi. Marehemu ana njaa! Anataka saraka, alishwe yeye na kijiji kizima. Na aliyeota ndiye mlishaji, ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu. Watu wakanipa mkono mmoja mmoja. Wengine walishaanza kuniuliza nitachinja nini.

Jumatatu, 13 Mei

Nimejaribu kusema labda alikuwa shangazi wa mtu mwingine. Bibi Euphrasie akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, ukimnyima mzee chakula atakuja kukukaba."

Beberu wangu, niliyekuwa namnenepesha nimuuze Agosti kwenye mashindano ya mashua, ndiyo kwaheri. Na kuku. Na mchele. Ramu nimechukua kwa mkopo, na mwenye duka alicheka akiniandikia. Yote haya ni makosa ya Alban. Angesema tangu mwanzo, beberu wangu angefika Agosti!

Ajabu ni Merlene. Anaimba jikoni. Anasema shangazi anastahili. Kweli, miaka miwili ya mwisho yeye ndiye alikuwa akimwogesha na kumbadilishia shuka kila asubuhi, wakati mimi nina shughuli zangu. Lakini kuimba!

Jumamosi, 18 Mei

Naandika kwa hasira, kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili.

Alban alifungua kufuli, karamu ikafanyika uani kwa shangazi. L'Esterre nzima ilikuja, pamoja na watu wa kijiji jirani cha Harvey Vale ambao marehemu hata salamu alikuwa hawapi. Ramu na maji vikamiminwa chini, ngoma zikalia. Sahani ya marehemu ikawekwa chumbani kwake, ina nyama laini yote. Mimi nikabaki na shingo.

Nikasimama. Nikasema shangazi ameshakula, sasa Alban atii ndoto. Akatoa makaratasi, akanisogelea na kuniuliza polepole kama nina hakika nataka yasomwe hadharani, maana mwenye haki ameshaambiwa kila kitu faraghani na hana malalamiko. Nikanguruma: soma!

Akasoma. Nyumba, kiwanja na tangi la maji ni vya Merlene, mke wa Evander, "aliyenisafisha bila kununa." Na jina la Evander lisiandikwe kwenye hati, "kwa sababu ataiuza kabla kaburi langu halijawekewa jiwe." Kisha akasoma hesabu, mpaka bei ya kufuli. Hakuna senti iliyopotea. Mwaminifu, mnafiki mkubwa!

Mtu mmoja akacheka. Kisha Harvey Vale yote. Walikuwa wanacheka huku mdomoni wana beberu wangu.

Jumapili, 19 Mei

Nimemuuliza Merlene amejua tangu lini. Tangu Novemba! Alban amekuwa akimletea taarifa kila mwezi, hapa hapa nyumbani, mimi nikiwa nje namtukana Alban.

Nikauliza kwa nini hakuniambia mimi, mume wake wa kanisani. "Si wewe mwenyewe ulinisomesha, mume wangu? Haki ya kujua ni ya mnufaika." Akaongeza kwamba alitaka kwanza hati itoke kwa jina lake, kabla sijamtafutia mnunuzi. Mnunuzi! Nilizungumza tu na yule Mjerumani mwenye mashua. Mara mbili.

Tunahamia wiki ijayo. Nitalala katika nyumba niliyolelewa kama mgeni wa mke wangu. Meno yananiuma kwa kuyasaga.

Jumatatu, 20 Mei

Nimetafakari. Merlene sasa ana mali. Mwenye mali huandika wosia. Na mnufaika wake ni nani kama si mumewe?

Wakati wa chakula nimemwomba kwa adabu anionyeshe wosia wake, kwa mujibu wa haki yangu. Akaweka kijiko chini. Akasema yeye bado hajafa, na mtu aliye hai hana wanufaika, ana mume tu, na mume huyo anyanyuke akaoshe vyombo.

Sikupenda alivyotamka hilo "bado". Kuna kitu ananificha. Jana alikohoa, na sikuarifiwa chochote kuhusu kikohozi hicho. Nimeosha vyombo kwa hasira, nikavunja bakuli. Kesho asubuhi narudi kwa wakili Gittens.