Ombi la Kuufunga Mgahawa Unaokagua Kucha

Kwa Bwana Afya wa Mtaa,
Ofisi ya Afya, mlango wa tatu (ule wenye kitasa kilicholegea).

Ndugu Bwana Afya,

Kuhusu: Kufungwa kwa mgahawa ulioko kwenye iliyokuwa gereji, kabla ya saa saba mchana siku ya Ijumaa

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa ofisi yako, pamoja na yule mama wa mapokezi ambaye nilimwacha na kikohozi Jumanne, nilipokuja kuuliza kama malalamiko huandikwa nakala mbili au tatu. Aliniambia moja inatosha. Nimeandika tatu.

Mimi ni karani mstaafu wa posta. Kwa miaka thelathini na moja nilikaa dirisha namba mbili, na hakuna barua iliyopita mikononi mwangu ikapotea, isipokuwa moja, ambayo sitaizungumzia hapa. Nakueleza haya ili ujue kwamba siandiki kwa hasira. Hasira ninayo, ila naandika kwa utaratibu.

Mtaa wetu unaujua. Ulikuwa na gereji, fundi viatu, duka la madaftari na nyumba zetu. Kisha wageni kutoka nchi za mbali wakaanza kuhamia na kompyuta zao za mapajani, na kila walipofika kumi, mgahawa mpya ulifunguliwa. Sina ugomvi nao. Wanasalimia vizuri na wanajitahidi kujifunza lugha yetu, ingawa wengi wameishia kwenye majina ya matunda. Sasa tuna migahawa kumi na minne na fundi viatu mmoja, naye ameanza kufikiria wa kumi na tano.

Mke wangu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Wanafunzi walimpa jina la Mama Upawa, nami pia namwita hivyo, kwa mapenzi na kwa woga kidogo. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani pamoja na upawa wake mwenyewe, akaenda navyo nyumbani, akanyamaza. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anakaa jikoni akiitazama ile saa mpaka ifike saa saba kamili, saa aliyokuwa akiwapakulia watoto mia nne, halafu ananipakulia mimi peke yangu na kushusha pumzi. Iliniuma sana. Ndipo nikasema tuwe tunatoka kila Jumamosi kuijaribu hiyo migahawa mipya, apate kuchangamka. Wazo lilikuwa langu. Naliandika mapema ili usije ukaligundua mwenyewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgahawa wa kwanza haukuwa na jina mlangoni. Tuliambiwa ndiyo mtindo. Kwa sababu hiyo tuliingia kwa daktari wa meno, tukakaa, tukaomba orodha ya vyakula. Msaidizi wake alikuwa mpole, akatuuliza maumivu yako upande gani. Mke wangu akamjibu kwamba hakuna maumivu, ni njaa tu, lakini kama kuna supu aanze na supu. Ilituchukua robo saa kuelewana. Naomba ofisi yako iulize: mgahawa usio na jina unajificha kwa nani?

2. Mgahawa wa pili ulituletea chakula juu ya ubao. Mke wangu alikaa mikono mapajani akisubiri sahani. Nilipomwambia kwamba ndiyo imeshafika, alisema ubao ni wa kukatia vitunguu, na kwamba hali chakula ambacho kazi yake haijaisha. Mchuzi wangu ulifika kwenye suruali kabla ya kufika mdomoni. Ni suruali niliyoivaa siku ya kuagwa kazini.

3. Katika mgahawa wa tatu, ukimaliza kula mhudumu anakuja kukuuliza unajisikiaje. Nilishukuru, maana swali hilo sijaulizwa tangu nilipovunjika mkono. Nikaanza na goti la kushoto, nikaja kwenye usingizi, kisha nikaingia kwa shemeji yangu aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi minane. Mhudumu aliondoka nikiwa bado kwa shemeji. Kama hawana muda wa kusikiliza, wasiulize.

4. Sasa naingia kwenye shauri lenyewe. Mgahawa wa iliyokuwa gereji ni wa kijana mmoja mgeni anayefunga nywele zake utosini. Mtaa mzima tunamwita Kishungi, naye anaitika. Siku tuliyokwenda walituletea maharage. Yalikuwa tisa. Yalipangwa duara katikati ya sahani kubwa, na moja lilikuwa limesimama. Mke wangu alilitafuna hilo lililosimama, likalia kama kokoto. Mezani palikuwa na kadi ndogo ya maoni. Akachukua kalamu mfukoni mwangu, akaandika kwamba maharage haya yameamshwa mapema, na aliyeyaamsha aitwe. Kisha akaiacha kadi pale pale, tukasimama kuondoka.

Hapo ndipo nilipojiponza, Bwana Afya. Mimi siwezi kuona andiko lenye mwandikiwa likilala mezani. Miguu yangu ilirudi yenyewe. Niliikunja ile kadi, nikaandika juu yake “Kwa Mwenye Mgahawa, kwa mkono,” nikaipeleka jikoni mimi mwenyewe, na sikutoka mpaka Kishungi alipotia saini kwamba ameipokea. Nakala ya saini hiyo naiambatanisha. Kama ningekwenda zangu nyumbani, kadi ile ingefutiwa meza, na leo ningekuwa nimeshiba.

5. (Nafasi hii nimeiacha wazi kwa matumizi ya ofisi.)

6. Kishungi aliisoma kadi, akatoka, akamwomba mke wangu aingie jikoni amwonyeshe maharage yanavyotakiwa kuwa. Mimi niliambiwa nisubiri dakika tano. Hii ni wiki ya saba. Kila asubuhi anaondoka na aproni yake ya shule, ile yenye mfuko mkubwa mbele, na jioni anarudi akiimba, jambo linalovuruga taarifa ya habari. Saa saba mchana tunabaki nyumbani mimi na saa ya ukutani. Nilijaribu kujipikia kwenye sufuria yake ndogo kuliko zote, ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kuogea humo akiwa amesimama. Kuhusu moshi ule, naamini jirani yangu amekwisha kukuandikia.

7. Mke wangu hajui namna nyingine ya kulisha watu isipokuwa ile ya shule. Ikifika saa saba kamili anagonga upawa kwenye mfuniko wa sufuria mara tatu. Hapo wageni wote wanafunga kompyuta zao, wanachukua sahani na kupanga mstari, wafupi mbele na warefu nyuma. Yeye anapita akikagua kucha. Nimeshuhudia kwa macho yangu, nikichungulia dirishani, bwana mmoja mwenye tai, ambaye nasikia ni mkurugenzi wa shirika kubwa, akirudishwa bombani mara mbili. Mara ya pili alirudi akiwa amenyoosha viganja, kwanza huku, kisha huku, macho chini. Wanaopiga soga mstarini wanapelekwa nyuma. Anayebakiza maharage haruhusiwi kuinuka, na mama mmoja mwalimu wa mazoezi ya viungo, mtu mwenye mwili wake na heshima zake, alikaa na maharage yake mpaka saa tisa na robo.

Usifikiri wanalalamika. Wangelalamika nisingekuwa na haja ya kukuandikia. Wao wanaona ndiyo mtindo wa mahali hapa, na wanaleta rafiki zao. Mkurugenzi sasa anakata kucha Jumapili, anakuja nazo Jumatatu kwa majivuno. Mwalimu wa mazoezi alimwambia fundi viatu kwamba tangu ahamie hapa, ni mara ya kwanza kuna mtu amemwuliza kama ameshiba na akasimama kusubiri jibu. Mstari umerefuka mpaka kwa daktari wa meno, na watu wanaingia kwake wakidhani ndiyo mwanzo. Wiki iliyopita aling'oa jino la mtu aliyekuja kula.

8. Jumatatu njaa ilinizidi nguvu, nikaenda. Nilipita mbele moja kwa moja, kama mume. Mke wangu hakuinua hata macho, alininyooshea upawa kuelekea nyuma. Nilisimama nyuma ya watu arobaini na mmoja, mbele yangu mtu mwenye baiskeli. Nilipofika alizikagua kucha zangu, kucha ambazo alizikata yeye mwenyewe kwa miezi mitatu nilipovunjika mkono, akanituma bombani. Niliporudi nikapewa upawa mmoja, kama kila mtu. Nilisimama kidogo, nikimtazama, nikidhani atasema neno. Alisema, “Anayefuata.”

Miaka thelathini na minne ya ndoa, Bwana Afya, na nikaambiwa nipishe. Maharage yalikuwa yameiva sana. Nililia kidogo, nikasingizia pilipili, mtu wa baiskeli akanipa leso.

9. Naona wivu. Najua hili si kosa la kiafya, lakini barua ya malalamiko haina sehemu nyingine ya kuliandika. Nilimtoa mtu wangu nyumbani ili achangamke pamoja na mimi, na sasa amechangamka na mtaa mzima. Ijumaa hii saa saba mchana Kishungi anatundika kibao kipya mlangoni. Kitasomeka “Kwa Mama Upawa.” Kikishatundikwa, kila mtu atajua kwamba kwa Mama Upawa ni pale, na mimi nitakuwa mtu anayeishi kwenye nyumba yenye saa.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa uwezo wa ofisi yako:

Kwanza, mgahawa ufungwe. Kama haiwezekani, upawa uchukuliwe kama kielelezo na uwekwe kabatini kwenu. Kama hilo nalo ni gumu, wageni wote wahamishiwe mtaa mwingine kwa utulivu, wafupi mbele na warefu nyuma. Na kama yote matatu yatashindikana, mke wangu arudishwe nyumbani kwa mkono, nami nitatia saini kwamba nimempokea akiwa mzima.

Nisalimie wote hapo ofisini. Mama wa mapokezi ajaribu maji ya moto na asali. Mlinzi wa getini mwambie kalamu yake ninayo, sikuiba, ilifuatana na mkono. Mwambie fundi atakayekuja kukaza kile kitasa kwamba tatizo ni skrubu ya chini. Ukimwona Kishungi msalimie pia, si mtu mbaya, na kwa kweli anafua aproni ya mke wangu vizuri kuliko nilivyokuwa naifua mimi.

Nabaki, kwa heshima zote na tumbo tupu,

Karani Mstaafu
(Dirisha Namba Mbili)

Nakala:
Mlalamikiwa, yaani mke wangu, kwa taarifa
Jalada

Nyongeza: Utaratibu unataka mlalamikiwa apate nakala yake kabla ya ofisi kupata ya kwake. Kwa hiyo leo Alhamisi nilikwenda nayo, na safari hii sikupita mbele. Nilipanga mstari. Nilipofika nilinyoosha kucha kwanza, kisha nikamkabidhi bahasha na kumwomba atie saini. Alitia. Akaifungua pale pale, akaisoma amesimama, upawa kwapani, mstari mzima ukisubiri. Akafika namba tisa. Hapo alicheka. Alicheka mpaka upawa ukadondoka, na wageni wakacheka bila kujua kisa, na mkurugenzi akauokota akaenda kuuosha bila kutumwa. Bwana Afya, kicheko kile nilikuwa sijakisikia miezi kumi na minne. Nilidhani kilibaki shuleni.

Kisha akatia mkono kwenye mfuko mkubwa wa aproni, akatoa kitambaa chekundu cha kuvaa begani, kimeshonwa kwa mkono. Kimeandikwa “Kiranja wa Mstari.” Alisema kimekaa humo mfukoni tangu wiki ya kwanza. Alikuwa anasubiri siku nitakayokuja bila kupita mbele, kwa sababu kiranja anayepita mbele hafai.

Kwa hiyo nafuta malalamiko namba nne, sita, saba, nane na tisa, pamoja na maombi yote manne. Ile nafasi ya namba tano nakuomba uandike humo kwamba shauri limekwisha. Namba moja, mbili na tatu zinabaki pale pale, hasa ubao. Utajiuliza kwa nini basi nimeituma barua hii. Bahasha ilikuwa imeshaandikwa anwani, nami siwezi kuiona ikilala mezani.

Ijumaa ukija kwenye kutundika kibao, karibu sana, ila usipite mbele kwa ajili ya cheo chako. Nafasi yako ni nyuma ya mkurugenzi. Na uje na kucha fupi, maana kabla hujafika kwa Mama Upawa unapita kwangu.