Mashine ya Mjerumani

Fundi Jofrey hakujihesabu kuwa mwizi. Mwizi huchukua mali mwenye mali akiwa amelala. Jofrey aliichukua mwenye mali akiwa macho, tena anamshukuru na kumsindikiza mpaka barabarani. Kwa heshima ya kazi hiyo alivaa tai, hata siku za baridi kali, na kwenye begi lake bisibisi zilikaa pamoja na Biblia ndogo, kwa sababu hujui mteja atakuwa mtu wa namna gani.

Siku hiyo alikuwa ameshuka Makambako kutoka Njombe kutafuta riziki. Alipokuwa akikatiza mitaa ya Lyamkena, akasikia mwanamke anaitukana kompyuta.

"Diski moja tangu nilipobandika maharage! Maharage yameiva, wewe bado unazungusha duara!"

Jofrey akakaza tai, akabisha hodi.

"Kamwene, dada. Mgonjwa yuko wapi?"

Mwenye studio aliitwa Avelina. Alipiga picha za pasipoti, alirekodi harusi, na juu ya hayo alikuwa katibu wa kwaya ya usharika wake. Kwaya ilikuwa inazindua albamu Jumapili iliyofuata, na nakala zote alitakiwa kuzichoma kwenye diski yeye. Tatizo ni kwamba kila akianza kuchoma, kompyuta nzima inalegea. Kipanya kinaganda, muziki unakatika, hata saa ya kwenye kioo inachelewa.

"Nakala zenyewe nimechoma za kujaza kikapu cha mayai tu," alisema. "Mgeni rasmi nimpe nini, nimwimbie?"

Akabonyeza kitufe cha kutolea diski. Trei haikutoka. Akalipiga kasha kofi ubavuni kushoto, chini kidogo, trei ikachomoza.

"Hiyo ni tabia yake ya siku nyingi," akasema.

Jofrey aliketi, akafungua mipangilio, na kabla hajajiegemeza vizuri alikuwa ameshaujua ugonjwa. Avelina alipenda vya bei chee, diski zake alinunua kwa wamachinga wa stendi. Kompyuta ilikuwa imekwama mara nyingi kwenye diski hizo mbovu, ikaogopa, ikashusha mwendo wa njia inayopeleka kazi kwenye raita, yaani kile kidude cha kuchomea. Haikuurudisha tena. Tangu hapo kila chembe ya kazi alibebeshwa prosesa, ubongo wa mashine, naye akawa hana nafasi ya kitu kingine. Dawa yake ilikuwa kuifuta njia ile kwenye mipangilio, kuzima, kuwasha, na kununua diski za maana. Fundi mwaminifu angemaliza akaaga.

Lakini juu ya rafu kulikuwa na kamera. Kamera ya video, kubwa, ya kubeba begani, imefunikwa taulo safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Jofrey alikuwa akiitamani kamera ya namna ile kwa miaka. Ukiwa nayo Njombe mjini, msimu wa harusi hulali njaa. Akaugeuza uso wake ukawa wa msibani.

"Dada, picha za watu zimo humu?"

"Zimo! Hata harusi ya mtoto wa diwani!"

"Basi shukuru nimepita leo. Raita imeanza kuinyonya mashine. Sasa hivi inanyonya mwendo. Ikimaliza mwendo, inahamia kwenye picha."

Avelina akashika kifua. "Yesu wangu! Sasa?"

"Picha nitaziokoa. Mashine yenyewe, tuseme ukweli, imeshakwenda." Jofrey akashusha sauti. "Ila kuna Mjerumani mmoja alikuwa misheni kule Njombe, anarudi kwao. Ameacha mashine haijachoka. Hataki hela huyo, anataka kamera. Na huu mzoga nitakuondolea bure, usikujazie nafasi."

Neno bure lilimwingia Avelina vizuri. Wakakubaliana: Jofrey alete mashine, achukue kamera.

Huko Njombe, Mjerumani alipatikana bila taabu, maana alikuwa Jofrey mwenyewe. Kompyuta ya Avelina aliiponyesha chai yake ikiwa bado ya moto. Kisha akahamisha matumbo yote kwenye kasha jeupe aliloliokota kwa rafiki yake fundi redio, akaosha, akafuta mafuta. Kwa kunogesha, akabandua stika yenye maneno ya Kijerumani kwenye bomba la kunyunyizia viazi dawa, akaibandika mbele. Akarudi nyuma kidogo, akaitazama. Alijipenda sana siku ile.

Avelina alipoiona mashine, aliizunguka. Akainama kwenye stika.

"Hapa wameandika lita kumi na sita. Lita za nini?"

"Memori," Jofrey akajibu bila kupepesa. "Wenzetu wanaipima hivyo."

"Kumbe. Hebu ichome diski tuone."

Jofrey akabonyeza kitufe. Trei haikutoka. Alikuwa katikati ya maneno, anasifia uaminifu wa Wajerumani, na mkono wake, ambao kule Njombe ulishazoea, ukaenda wenyewe. Ukalipiga kasha kofi ubavuni kushoto, chini kidogo. Trei ikachomoza.



"Ya Mjerumani nayo inapigwa?" Avelina akauliza taratibu.

"Ndivyo walivyoizoeza, dada. Ukiigusa hapo inajua ni mwenyewe."

Avelina akatabasamu vizuri sana. Fundi mwenye busara angeliogopa tabasamu lile. Diski ikachomwa haraka, muziki haukukatika, na dada akapiga makofi.

"Iache hapa nichome nakala. Kamera nina kazi nayo Jumapili, narekodi uzinduzi. Njoo kanisani, ukimalizika nakukabidhi."

Jofrey alifika Jumapili mapema, amenyoa, tai imenyooka. Nakala zilikuwa tayari mezani, makasha kwa makasha. Na pembeni ya nakala, juu ya kitambaa cheupe kilichofumwa, ilikaa mashine ya Mjerumani imevishwa maua.

Avelina alikuwa na kamera begani. Mshereheshaji akashika kipaza sauti.

"Wapendwa, kabla ya mgeni rasmi, kuna kijana ametoka Njombe kwa moyo wake. Ameona kwaya yetu inahangaika kuchoma nakala, akasema, mashine yangu hii naitoa kwa kazi ya Bwana! Fundi Jofrey, pita mbele!"

Vigelegele vikapasua paa. Akina mama walishamshika mikono, wakamsogeza mbele wakicheza, wakamvika kitenge begani, wakampa jogoo. Mchungaji akaweka mkono juu ya kasha, akaiweka wakfu mashine mpaka lita zake zote kumi na sita. Ikatangazwa kwamba itatunzwa studioni kwa katibu, kwa kuwa ndiye anayeijua.

Jofrey akageuka kumtafuta Avelina. Akakutana na jicho la kamera yake, ile ile aliyoitamani, linamwangalia usoni, taa nyekundu inawaka.

"Neno, fundi," Avelina akasema nyuma ya kamera. "Usharika unakusikiliza."

Aseme nini? Kwamba mashine si yake? Basi ni ya nani? Akamkumbatia jogoo.

"Nimeguswa," akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa anasema kweli. Alikuwa na uchungu wa kulia, na watu walipoona macho yake yamelowa wakazidi kumpenda.

Alipokuwa anapanda gari la Njombe, Avelina alimfuata mbio stendi, kamera bado iko begani, akampa albamu kupitia dirishani.

"Zawadi ya kwaya, kaka. Nenda kaangalie nyumbani."

Jofrey akaigeuza diski mkononi. Alikuwa na tai, kitenge na jogoo. Mashine ya kuichezea hakuwa nayo.