Kompyuta Iliyogawa Kihamba

Ndelilio Yakobo,
Katibu wa Ukoo na mwalimu mstaafu,
Machame.

Kwa Mwenyekiti wa Ukoo,
Baba Mdogo Eliakim.

Shikamoo Baba Mdogo. Natumaini mguu umepata nafuu na ng'ombe amezaa salama. Huku kwangu sote wazima, isipokuwa mmoja ambaye si mtu, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Namshitaki rasmi mbele yako. Ni kompyuta ya ukoo, ile ambayo Gidioni alituletea kutoka Dar Krismasi iliyopita ikiwa imefungwa utepe mwekundu.

Sisemi chombo chenyewe, maana plastiki na kioo havina kosa. Nasema mfumo uliomo ndani, ule unaoamka na kukuuliza wewe ni nani kabla hata hujaketi. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, ili kikao kisije kikasema Katibu alipayuka.

1. Mfumo huu una kiburi. Nilikuwa naandaa ajenda, ukajizima bila kuaga, ukasema unajisasisha, kisha ukaniandikia nisizime kompyuta. Mimi, ndani ya nyumba yangu, kwenye meza niliyoichonga mwenyewe, naambiwa nisiguse. Nikaenda kukata majani ya ng'ombe, nikarudi, nikakamua, nikarudi tena, umefika asilimia thelathini. Hata mkwe akija mara ya kwanza hajiachii hivyo.

2. Unapeleleza. Godlove, yule fundi wetu wa Majengo pale Moshi, ndiye aliyenifumbua macho. Kila baada ya sekunde chache mfumo unapiga picha ya kila kilichopo kwenye skrini na kuihifadhi, eti nikisahau unikumbushe. Nani aliuambia nasahau? Ukoo unajadili mambo ambayo hata wake zetu huyapata siku ya pili, halafu kuna mdudu kwenye kona anapiga picha tu. Mke wangu Winfrida ameifunika mashine nzima kwa kitambaa cha kufuma, na kijicho cha kamera amekibandika plasta ya kidonda. Sasa nikitaka kufanya kazi ya ukoo inabidi niombe ruhusa kwake, jambo ambalo halimo kwenye katiba yetu.

3. Haujui msiba. Shangazi Elinipendo alipofariki, Gidioni alituma taarifa, na mfumo ukaniwekea chini yake majibu matatu ya kubonyeza: «Safi sana», «Nimefurahi kusikia», na picha ya kidole gumba. Nilikuwa nataka kuandika rambirambi, mkono ukateleza kwenye la pili. Gidioni hajanipigia simu hadi leo, na simlaumu.

4. Unatafsiri bila kutumwa, na hili ndilo hasa lililonileta. Godlove aliniandikia barua pepe, mfumo ukaniambia imetoka kwa Upendo wa Mungu. Nikadhani ni kanisa linataka mchango, nikaifuta. Binamu yetu Godbless wa Njoro umemwita Mungu Bariki. Huku kwetu watu wamepewa majina ya Kiingereza kwa imani ya wazazi wao, na hakuna aliyeomba mkalimani.

Sasa tazama mfumo huu ulichofanya. Kikao cha Januari, nyumbani kwa marehemu Elisifa, tulikaa watu kumi na mmoja, tukanywa mtori, tukakubaliana kwamba kihamba chake, yaani migomba, kahawa na nyumba, apewe binti yake Kindness, aliyemuuguza miaka minne wakati wengine tukituma salamu. Wewe mwenyewe ulilitamka, tena umesimama. Nikaandika daftarini, nikaenda kuchapa, nikatoa nakala ishirini na kuzigonga mhuri. Sikuzisoma tena, maana mwalimu wa Kiswahili wa miaka thelathini na minne hasahihishi daftari lake mwenyewe. Kila nakala inasema kihamba apewe Fadhili.

Nakiri kwamba tafsiri ni sahihi. Hata mimi ningeifanya hivyohivyo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ila Fadhili anayejulikana katika ukoo huu ni mtoto wa kaka yake Elisifa, yule mwenye duka la spea Bomang'ombe, ambaye wiki iliyopita alipopanda huku ilibidi aulizie njia. Alikuja na karatasi yenye mhuri wangu. Amechomeka vigingi katikati ya migomba, na amempa Kindness hadi mwisho wa mwezi awe ametoa ng'ombe zizini. Ofisi ya kijiji nayo inasema itafuata muhtasari kama ulivyoandikwa.

Nimewazungukia wajumbe mmoja mmoja. Wote wanakumbuka vizuri tulichoamua, wanakumbuka hadi nani aliongeza mtori, lakini wanasema karatasi ni karatasi. Watu wazima wenye wajukuu wanaiogopa printa kuliko walivyomwogopa Elisifa akiwa hai. Samahani Baba Mdogo, na wewe umo. Inaniuma kuona binti yule anafungasha sufuria kwa sababu ya watu wanaojua ukweli na kuulalia.

Na tukiuachia mfumo huu, tujue tunakokwenda. Leo umegawa kihamba. Kesho utaamua nani azikwe wapi, keshokutwa nani aolewe na nani, na Desemba ukoo wote ukipanda kutoka Dar utaukuta umekalia kiti chako umeshika kata ya pombe ya mbege.

Kwa hiyo nimechukua hatua. Jumanne niliteremka Majengo, Godlove akaufuta wote na kuweka mfumo huria, unaotengenezwa na watu wasiojuana na kugawiwa bure kwa yeyote. Huu ni mpole. Haunijui, hauniulizi, haunipigi picha. Printa nayo haiujui, sauti haitoki, na herufi zinaonekana kwa miwani miwili, lakini utu wangu umeheshimiwa. Ndiyo maana barua hii naiandika kwa kalamu.

Naomba ukoo uamue yafuatayo:

(a) Muhtasari wa Januari ufutwe kabla ya mwisho wa mwezi, na vigingi ving'olewe.

(b) Kila nyumba ya ukoo, pamoja na ya Gidioni huko Dar, iuondoe mfumo ule. Atakayekataa asialikwe Krismasi.

(c) Wenye kampuni iliyoutengeneza waitwe Machame kwa barua. Waje na jani la isale la kuombea msamaha, beberu na debe la mbege, wamwombe Kindness radhi mbele ya ukoo kama desturi inavyotaka. Wakisema ni mbali, waambie hata Fadhili alifika.

Nisalimie sana Mama Mdogo Victoria, watoto, wajukuu, majirani wa pande zote mbili za mfereji, na wajumbe wote wenye kumbukumbu nzuri na midomo mizito.

Ni mimi mtoto wako, mwenye hasira iliyofuata utaratibu,

Ndelilio Yakobo.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshagundisha bahasha, nimeichana. Kindness amepita sasa hivi kunirudishia daftari la kikao, nililolisahau kwake siku nilipompelekea nakala yake. Nikalifungua kwa mbwembwe nimwonyeshe jina lake kwa mwandiko wangu. Mwandiko ni wangu. Jina ni Fadhili.

Mashine ilichapa nilichoandika. Mtoto yule nilimfundisha darasa la kwanza hadi la saba, na kwa kuwa sikutaka Kiingereza kwenye mahudhurio yangu, miaka yote saba nilimwita Fadhili, naye akaitika. Ndiyo maana hata alipoisoma nakala hakushtuka. Alidhani ni yeye, hadi alipoviona vigingi. Nimemuuliza kwa nini hakuwahi kunisahihisha. Amesema utotoni aliogopa fimbo, na ukubwani aliona haya kumsahihisha mwalimu.

Ombi (a) libaki, tena liharakishwe. Ombi (b) lisahauliwe. Ombi (c) libaki lilivyo, ila mkosaji ni mimi, na beberu nimeshamfunga hapa nje. Sijawahi kuona aibu kama ya leo. Kwa ofisi ya kijiji na kwa yeyote atakayeuliza, mimi niliyeandika kwanza naandika tena kwa mkono uleule: kihamba ni cha Kindness.