Gauni la Uzi Mwekundu

Jumatatu, 8 Desemba

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa wafanyakazi. Hoteli yetu inashirikiana na wabunifu sita wa mavazi kuchangia vitanda vya wodi ya watoto. Kila mmoja atashona gauni kwa mashuka chakavu ya hoteli, Jumamosi magauni yapigwe mnada. Mshindi, atakayetajwa na mgeni rasmi, atabuni sare mpya za wafanyakazi. Sare! Mwaka wa kumi na moja huu nashona sare hizo mimi, kwenye chumba cha mashuka kisicho na dirisha. Jina langu halimo. La Sindano limo. Sindano, niliyemfundisha mwenyewe kutunga uzi!

Jumanne, 9

Nimemwendea Meneja. Nikamwambia na mimi ni mbunifu. Akauliza nimebuni nini. Nikamtajia aproni za jikoni. Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akasema haya, mmoja amejitoa, ingia. Mke wangu kasema niache makuu, nishone tu vizuri. Hajui mashindano huyu.

Jumatano, 10

Mashuka chakavu ni aibu tupu. Ukiyavuta kidogo, chwaa! Nikapata akili. Kwetu shuka lililochoka hufungwa uzi mwekundu kwenye pembe. Lenye uzi hukatwa, lisilo na uzi hutandikwa. Basi! Nimefungua uzi kwenye manne chakavu, nikaufunga kwenye manne mapya, yale mazito yanayong'aa. Sijaiba. Nimehamisha uzi tu. Yale chakavu nimeyapiga pasi na wanga, nikayarudisha rafuni na adabu zake.

Sindano kapita kuchukua ya kwake. Kanisalimu shikamoo mwalimu, akaniuliza eti nahitaji anisaidie pindo? Dharau hiyo! Nikampa yaliyochoka kuliko yote.

Ijumaa, 12

Gauni limekwisha. Linasimama lenyewe. Mama Vyumba, mkuu wa watandikaji, kalipapasa, akasema mashuka chakavu ya siku hizi yanashinda mapya. Nikaangalia dari.

Jumamosi, 13

Mambo yalianza vizuri, naomba ieleweke hivyo.

Saa nane mchana ukumbi umejaa. Gauni langu likapigiwa makofi. La Sindano lilikuwa matundu matupu, naye hakuyaficha, kayazungushia uzi kwa mkono, kila tundu na rangi yake. Watu wakasema huo ndio ubunifu. Mimi nikasema ndiyo njaa.

Mgeni rasmi alikuwa chumbani anajinyoosha kabla ya kutaja mshindi. Akashuka mapema. Kwa upole kabisa akamuuliza Meneja kama ni kawaida shuka kupasuka mtu akigeuka ubavu. Mama Vyumba akatoka mbio, akarudi na kipande mkononi. Akakitazama. Akalitazama gauni langu. Akageuza pindo, akakuta mhuri wa hoteli, wenye tarehe ya mwezi uliopita. Nilitamani sakafu nayo ipasuke.

Meneja akaniambia nikusanye vitu vyangu. Miaka kumi na moja, na vitu vyenyewe ni mkasi na kikombe! Mshindi akatajwa: Sindano. Akapanda jukwaani, akamwambia Meneja mbele ya watu kwamba sare hashoni bila mwalimu wake. Meneja akakohoa, akakubali. Machozi yalinilenga, siwezi kudanganya humu. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Ilinikaa mpaka nyumbani.

Jumatatu, 15

Nimebaki, chini ya Sindano. Adhabu yangu ni kufumua gauni nishone foronya za wodi ya watoto. Sindano kaja kunisaidia pindo. Safari hii sikukataa. Anashona vizuri, nani alimfundisha?

Mke wangu kauliza kama nimejifunza. Nikamjibu nimejifunza sana. Na kweli. Kosa lilikuwa kuyarudisha yale chakavu rafuni, ningeyachoma.

Mchana Mama Vyumba katangaza kwamba uzi mwekundu umefutwa. Kuanzia kesho shuka chakavu litafungwa uzi wa bluu, na uzi huo utafungiwa kwenye kabati, asiuguse mtu yeyote.

Ufunguo kanipa mimi, kwa kuwa fundi wa zamani ni mimi. Mwakani sikosei.