Masizi Yamepandishwa Cheo Bila Kuniuliza

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Matairi Makuukuu,
Lile geti la kijani.

Ndugu Meneja,

Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo si kosa lako. Mengine yote yafuatayo ni kosa lako.

Mimi ni mama wa yule mpakiaji wako mwenye pengo, anayeshona midomo ya magunia ya unga mweusi. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo maneno makubwa usiyatafute humu. Nasikia umri wako ni sawa na wa mwanangu wa pili, basi nitakusema kama ninavyomsema yeye.

1. Masizi ni uchafu. Jambo hili halikuwa na mjadala tangu nipate akili. Nilipoolewa, mama mkwe wangu aligeuza sufuria niliyoisugua akajitazama kitakoni mwake. Alipoziona kope zake ndipo akaniita mwanangu. Nami wake wa wanangu nimewapima hivyo hivyo. Sasa mwanangu anarudi kutoka kwako yanaonekana meno tu, ananieleza kwamba mnayapika matairi kwenye pipa lisiloingia hewa, mnatoa mafuta, mnatoa nyaya, na yale masizi yanayobaki mnayasaga, halafu watu wanayagombania kwa malori: wa mabomba, wa soli za viatu, wa wino, hata wa matairi mapya. Kila mwezi wanaongezeka. Nikamwambia kitu kinachokufanya unawe mara tatu kabla ya kula hakiwezi kuwa mali. Akacheka, na pengo lote lile.

2. Mkewe alikuwa akisikiliza. Tangu siku hiyo ameweka dodoki chini. Nikimwambia asugue, ananijibu kwa adabu, na adabu yake ndiyo inayoniumiza, kwamba hawezi kumwaga mtaroni kitu ambacho mumewe anakishonea magunia. Sufuria yake sasa ni nyeusi kiasi kwamba ukiiweka kivulini unaitafuta kwa kupapasa. Imenenepa, inanyanyuliwa kwa mikono miwili. Na ugonjwa huu unaambukiza. Jirani wa kulia naye ameacha kusugua. Jirani wa kushoto ameitoa yake kibarazani, wapita njia waione. Juzi shangazi wa mchumba mmoja alikuja kumkagua binti wa watu, akageuza sufuria, kidole kikatoka cheusi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa kuridhika, Meneja. Mimi nilikuwepo.

3. Jiko letu limegawanyika. Nimechora mstari wa mkaa sakafuni: huku kwangu panang'aa, kule kwake ni kama kiwandani kwako. Kila mtu na moto wake, kila mtu na chumvi yake. Ni wiki ya tano. Mwanangu anakula kwangu akiapa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, kisha anaruka mstari anaapa tena. Mkanda wake umehama matundu mawili. Yeye hataki tupatane, namwona. Lakini mimi, kwa kuwa umeniuliza (najua hujaniuliza), sipendi kula peke yangu. Chakula hakina wa kukitolea kasoro. Yule binti, mkewe, alikuwa na ulimi mzuri wa kuonja. Akisema chumvi imepungua, ilikuwa imepungua.

Utaniwia radhi hapa rangi ya maandishi imebadilika. Kalamu imekata roho. Nimepata njia nyingine, tuendelee.

4. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Jumanne mke wa mwanangu alipokwenda bombani, nilikwangua sufuria yake kwa kijiko, nikajaza kopo la majani ya chai, nikalileta getini kwako. Nilitaka wataalamu waseme kwa vinywa vyao kwamba ni uchafu, nirudi nyumbani na ushindi. Mpimaji wenu, yule mama wa koti jeupe, akachukua kidogo, akaunguza kwenye kibakuli, akatazama kilichobaki. Kisha akanirudishia kopo langu akasema masizi haya hayana daraja, majivu ni mengi mno.

Nilipaswa kufurahi, Meneja. Lakini nilishikwa na hasira hadi goti likapona kwa muda. Sufuria ile imepika harusi mbili na matanga matatu. Tairi limekanyaga kinyesi, limekanyaga mbuzi wa watu, likatupwa shimoni likazaa mbu. Kwenu tairi linapewa daraja na gunia lenye nembo, na nyumba yangu inarudishiwa kopo? Mkwe wangu ni mchafu, nimekubali, lakini ni mchafu wangu. Kumkataa ni kazi yangu, si ya mwenye koti jeupe.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na sitaki uchague moja. Kwanza, uandike karatasi yenye muhuri: MASIZI NI UCHAFU, SUFURIA ISUGULIWE. Nitaitundika juu ya jiko, binti asugue, mstari ufutwe, tule pamoja. Pili, masizi yetu yapimwe upya, na safari hii yapewe daraja.

Nisalimie mlinzi wako aliyenipa kiti, ingawa kiti chenyewe kilikuwa tairi. Msalimie mama yako, umwambie akutazame kucha. Mpimaji naye msalimie, ila kwa mbali.

Ni mimi, mwenye sufuria zinazokuonesha uso wako,
Mama wa Mpakiaji.

N.B. Ile njia nyingine niliyoisema ni masizi. Kalamu ilipokufa, nilikwangua sufuria zangu zote, nikapata nukta moja. Usafi wa miaka hamsini na hauwezi kuandika hata koma. Binti alinisikia nikisonya. Akavuka mstari na sufuria yake, akakwangua, akachanganya na maji na sukari kidogo, akanichongea kijiti. Ndiye anayenishikia kopo sasa hivi. Amesoma yote, hata ile namba 2 inayomsema, akasema tu kwamba nimesahau kuandika kuwa zamani alikuwa anasugua vizuri. Ni kweli, alikuwa anasugua vizuri. Wino umekauka, nimeupitishia kidole, haufutiki. Mwoneshe mpimaji.

Ile karatasi ya muhuri usiitume. Ukiituma, binti atatii na kusugua, na mimi bado nina barua nne za kuandika.