Jiwe la Muayalandi

Jumamosi, 3 Oktoba 1998
Al Khuwair, Oman. Mwaka wa thelathini na nne tangu nitoke Unguja, wa thelathini na saba tangu nitoke Ayalandi. Barua ya Ann, binti wa mama mwenye nyumba niliyopanga kule nikisoma. Mji wao unatundika kibao kwenye nyumba ile. Ndimo alimojificha Malachy Durkan, mpigania uhuru, mwaka 1848, kabla ya kukimbilia Marekani asirejee. Ann aomba nimwandikie kumbukumbu fupi ya kusomwa siku ya kukitundika.

Kumbukumbu! Karatasi hupotea. Nitawapelekea jiwe. Marumaru ya Oman, Durkan juu, na chini, kwa unyenyekevu, mstari mmoja kwamba nami nililala humo. Katika nyumba yetu ya Unguja wanakaa watu wasiolijua hata jina la baba. Angalau ukuta mmoja duniani unitaje.

Mke wangu Muhsina akauliza kama jiwe litataja pia kuwa nilifukuzwa humo siku mbili kwa kuchoma papa mkavu chumbani.

Jumatatu, 5 Oktoba
Karakana ya marumaru, Ansab. Fundi ni Levi, Mkenya, mkono wake mzuri. Nikampa jina langu: Mahfoudh bin Salem bin Hamoud. Nafika nyumbani, dada yangu Bi Kheiria anauliza babu Khalfan kakosa nini. Nikampigia Levi: ongeza Khalfan. Jioni Bi Kheiria tena. Ukimtaja Khalfan, baba yake Nasser utamwachaje, naye ndiye aliyetoka Sidab, hapa Oman, akatufikisha Unguja? Ana haki. Ongeza Nasser.

Jumatano, 7 Oktoba
Thabit kajua! Muhsina huyo kamwambia. Thabit, niliyesoma naye kule, naye alipanga nyumba ile, chumba cha mbele, na miaka yote anadai ndicho cha Durkan. Uongo. Nani hujificha kwenye dirisha la barabarani? Akanywa kahawa yangu, akamaliza halua yangu, akasema asipotajwa atauandikia mji mzima habari ya papa.

Basi, naye atiwe. Ana mababu sita.

Jumamosi, 10 Oktoba
Levi kwenye simu. “Mzee, hawa wazee wenu wamejaa mpaka chini. Sasa huyu mzungu nimweke wapi?” Nikamwambia apunguze herufi zake. Akasema zishakuwa kama za kwenye chupa ya dawa. Nikasema haidhuru, Durkan alizoea kujificha.

Alkhamisi, 15 Oktoba
Jiwe limefika. Watu wanne wamelibeba. Zuri mno!

Saa moja baadaye, faksi ya Ann, kujibu yangu ya kumwarifu habari ya jiwe. Kibao chao ni cha shaba, kimekwisha zamani, na kanuni ya mji ni kutaja maiti tu. (Muhsina: “Basi subiri, bwana.”) Na kwa kuwa kumbukumbu yangu haikufika, Jumapili atasoma ile aliyoiandika marehemu mama yake. Habari ya papa.

Nimelala na kichwa kinauma.

Jumanne, 20 Oktoba
Faksi nyingine. Hotuba zote zilisinziza watu, ila papa kawachekesha hadi machozi. Chumba changu sasa kinaitwa chumba cha papa. Muhsina asema si nilitaka kutajwa? Nimetajwa. Thabit kanuna: yeye hakutajwa popote.

Jiwe limeegemea ukuta wa nje. Leo msoma mita wa umeme kauliza kama Bwana Durkan bado anakaa humu.

Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa Muayalandi, alikula nafasi. Kesho naenda kwa Levi. Jiwe la pili, kubwa zaidi, la nyumba yetu ya Unguja, jina langu mpaka babu wa nane. Bi Kheiria keshaanza kuwahesabu. Litakwenda kwa meli, na wanaokaa humo wakilisoma watalitundika wenyewe.

Mimi mwenyewe Unguja sirudi.